Pikeni Chungu Kimoja

Nimeingia majikoni mwenu, ndugu zangu, nikaona sufuria mbili. Ile kubwa ina pilau, mafuta yanang'aa juu yake, harufu imefika hadi barabarani. Ile ndogo imesukumwa kando, kwenye makaa yaliyokwisha kufifia, na ndani yake mna kabichi iliyochemshwa bila kitunguu, bila nyanya, bila ndimu, bila huruma. Nikauliza, hii ni ya nani? Nikajibiwa bila haya: ya baba, si unajua ana sukari?

Najua. Mimi pia ninayo, tena kwa miaka mingi, na kwa hiyo nina ruhusa ya kusema kwa ukali. Sufuria ile ndogo iondoke! Iondoke leo, kabla ya chakula cha jioni. Mmemfunga mzee kifungo cha kabichi huku mkimwambia mnampenda, halafu mnashangaa mkimkuta usiku wa manane amesimama gizani jikoni akikwangua ukoko wa pilau kwa vidole. Msimwite mlafi. Ni mpweke. Mtu anayelishwa peke yake chakula kisicho na ladha, huku wanawe wakicheka kuzunguka sinia, atalifuata sinia lile hata kwa wizi.

Sikilizeni jambo ambalo kliniki huambiwa mgonjwa peke yake, ilhali lilistahili kutangazwa mimbarani. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari ndicho kinachowafaa ninyi nyote. Mboga nyingi, wanga kwa kiasi, kunde na maharagwe, samaki, mafuta kidogo, sukari kidogo zaidi. Hakuna sukuma wiki ya wagonjwa na sukuma wiki ya wazima. Tena kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata watu wazima wengi, hutembea katika koo: mwenye mzazi aliye nacho yumo hatarini kuliko yule asiye na mzazi wa namna hiyo. Kwa hiyo sufuria hiyo kubwa mnayomnyima baba ndiyo inayomwandaa mwanawe. Mnamhurumia mmoja, na mwingine mnampakulia.

Fungueni Danieli sura ya kwanza. Kijana yule, akiwa uhamishoni Babeli, alikataa posho ya meza ya mfalme, akaomba chakula cha shambani na maji kwa siku kumi, kisha atazamwe hali yake. Tumelihubiri sana jambo hilo kuwa ushujaa wa mtu mmoja. Lakini hesabuni sahani! Walikuwa wanne: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Walikula pamoja, wakakaguliwa pamoja, na siku kumi zilipokwisha wote wanne walionekana wamenawiri kuliko wenzao. Danieli angefika wapi kama Hanania angeketi mkabala naye akinyonya mfupa wa mbuzi huku akimwambia, "Pole ndugu yangu, kaza moyo"?

Nami nawadai siku kumi. Nyumba nzima, kuanzia bibi hadi kijana wa shule ya upili anayejiona ana tumbo la chuma. Mkishindwa, njooni mniambie nilikosea.

Sasa twendeni jikoni. Chukueni sahani ya kawaida, si lile sinia la harusi. Nusu yake ijazeni mboga: sukuma, terere, kunde, managu, bamia, biringanya, chochote kilichopo sokoni kwa bei yenu. Robo iwe ya maharagwe, ndengu, mayai, omena, samaki au kuku aliyetolewa ngozi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, au wali, au kiazi, au chapati. Nimesema AU! Tumezoea kupakua wali, tukaweka viazi juu ya wali, tukafunika kwa chapati, na mchanganyiko huo tukauita sherehe.

Mtasema mboga haina ladha. Haina ladha kwa sababu mmeikosea heshima. Terere langu nalichambua jioni, naliosha maji matatu kwa sababu ya mchanga, kisha naliacha lichuje kwenye ungo. Kitunguu nakikaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta, taratibu, hadi kibadilike rangi. Natia tangawizi na kitunguu saumu nilivyovitwanga kwenye kinu kidogo, halafu nyanya mbili zilizoiva hadi ngozi inavuka yenyewe. Nyanya zikishalainika na mafuta yakaonekana pembeni, ndipo terere linaingia lote kwa mara moja, nafunika, nahesabu dakika chache tu. Likilegea huku bado ni kijani kibichi, namimina tui jepesi, kikombe kidogo, si nazi nzima. Nakoroga mara mbili naepua. Ndimu nakamulia mezani, kila mtu sahani yake. Nina mjukuu ambaye aliapa hali majani. Sasa anapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, halafu anakana.

Ugali nao nisiukwepe, maana najua ninazungumza na Wakenya. Unga usiokobolewa ni bora kuliko ule mweupe uliopepetwa hadi kukosa kila kitu, na mtama na wimbi vina heshima yake. Lakini yuko mtu anayekula ugali mweusi mlima mzima akidhani weusi wake umefuta wanga. Ugali mweusi nao ni ugali! Pimeni kwa ngumi ya mlaji. Ngumi yako, si ya mumeo fundi wa mawe. Na ule uji wa lishe unaosifiwa sana, kikombe kimoja ni chakula chema, ila nafaka iliyosagwa laini na kupikwa hadi kuteleza haichelewi kufika kwenye damu. Jagi ni jagi hata likiwa la wimbi. Asali? Ni sukari, hata nyuki wakiwa wa Kitui. Juisi ya maembe iliyokamuliwa nyumbani? Embe lile lile, likiwa zima, lingekuchosha kulitafuna baada ya kipande; kwenye gilasi umemeza matatu na bado una kiu.

Na soda. Chupa ya mililita 300 hubeba gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko saba vya chai na zaidi. Nani kati yenu angekubali kutiliwa vijiko saba kikombeni akaona ni adabu? Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chupa moja imekwisha kukuvusha mpaka, na bado hujala keki ya bwana harusi.

Chai ndiyo vita vyenu vikubwa. Msiiache siku moja kwa kiapo, maana viapo vya chai havifiki Jumatano. Punguzeni nusu kijiko, ulimi uzoee, kisha nusu nyingine. Tieni iliki, mdalasini, mchaichai, tangawizi. Mwishowe mtanywa chai ya watu wengine na kujiuliza kwa nini wamewapa sharubati ya moto.

Kuna dhambi moja inayotendwa kwa tabasamu, nayo ni ya mwenyeji anayesema "kidogo tu". Kula kidogo tu, mama. Leo ni sikukuu. Utaniudhi. Nimetayarisha kwa ajili yako. Ndugu zangu, mwenye kisukari akienda matanga Ijumaa, harusi Jumamosi na chai ya kanisa Jumapili, "kidogo" zenu zimekwisha kuwa karai. Mkarimu wa kweli huuliza, "Nikupakulie nini?" kisha anapakua alichoambiwa na kunyamaza! Na ninyi mlio na sukari, acheni kuificha. Unakaa mezani kwa watu kimya, unameza keki kwa aibu, halafu unarudi nyumbani na kichwa kizito na kiu isiyokatika. Sema tu: nina sukari, niongezee maharagwe. Hakuna aliyekufa kwa kuomba maharagwe.

Sasa nasema neno ambalo litawaudhi wengine, nami nitalisema kwa sauti. Nimemsikia kwa masikio yangu mhubiri akiwaamuru wagonjwa watupe dawa zao ili kuthibitisha imani. Watu wakashangilia! Vichupa vikawekwa chini, na mle ndani mlikuwa na mama wa mtoto anayeishi kwa sindano.

Someni Wafalme wa Pili sura ya 20. Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa, akalia, akaomba, na Mungu akamtumia Isaya kumwambia atapona. Ahadi imekwisha kutoka! Basi nabii angeweza kufunga mlango na kuondoka. Badala yake aliagiza waletewe andazi la tini, wakaliweka juu ya jipu, mfalme akapona. Nabii mwenye neno la Bwana kinywani aliagiza dawa. Wewe uliye na kipaza sauti cha kukodi unaikataza kwa mamlaka ya nani?

Tena mjue insulini ilitoka wapi, ili muishike kwa mikono miwili. Kabla yake, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa maiti anayengojewa. Tabibu bora kabisa aliweza tu kumpunguzia chakula ili njaa imcheleweshee kifo. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanya kazi katika maabara ya John Macleod, na James Collip akaisafisha dawa yao. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyebaki na uzito wa kilo 29 hivi. Sindano ya kwanza haikufua dafu. Collip akarudi kuisafisha zaidi, na tarehe 23 mwezi huo huo wakamdunga tena, sukari ikashuka, kijana akaishi miaka 13 mingine. Haki ya uvumbuzi iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Siku ya kuzaliwa kwa Banting, 14 Novemba, ndiyo leo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Kisukari Duniani. Mimi nikisikia habari hiyo nasema Mungu amepita pale. Anayeona vinginevyo aniambie jinsi angemponya Leonard kwa makofi.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Nanyi msio na friji msikate tamaa. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulichukua vipimo vya joto vya kambi ya Dagahaley kule Dadaab, ukaonyesha kwamba insulini hudumu na nguvu zake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kilicholowa juu, mahali pa kivuli penye upepo: bibi zetu walipoza maji namna hiyo. Ulizeni kliniki zenu juu ya dawa yenu mahususi, lakini msimwache mtu aseme, "sina friji, basi sina maisha."

Yako pia mashaka ya upande wa pili, na haya hayangoji mtu amalize sala. Sukari inaweza kushuka mno, hasa kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akikosa mlo au akifanya kazi nzito. Anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, maneno yanavurugika, anakasirika bila sababu. Mara ngapi mtu kama huyo amesukumwa kando kituo cha matatu akiitwa mlevi! Kipimo kikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita), mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena, kisha ale. Hapo soda ni dawa, nami sina ugomvi nayo. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Malaika aliyemkuta Elia amelala chini ya mti jangwani hakuanza kwa hotuba. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji.

Mengine ni madogo, na kwa sababu ni madogo mnayadharau. Naamani, jemadari wa Shamu, alighadhibika alipoambiwa ajichovye Yordani mara saba. Alitaka jambo kubwa, nabii atoke nje, apunge mkono. Watumishi wake walikuwa na akili kumshinda. Ninyi nanyi mnasafiri hadi mbali kutafuta unga wa mizizi wa mtu asiye na anwani, lakini kuvua soksi na kutazama nyayo kila jioni kumewashinda. Tazameni! Kisukari huua hisia miguuni; kokoto inatoboa, hujui, kidonda kinakua. Asiyeona vizuri aombe macho ya mtoto. Na kabla ya kupima damu, osheni mikono mkaikaushe, maana aliyetoka kumenya embe atajidunga na kusomewa namba ya kutisha ambayo ni ya embe. Dungeni ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha. Pauma kidogo, na kesho mtachambua mchele bila kusonya.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo wazee wa kanisa wamekuwa wakiniulizia pembeni: je, ni kweli mama huyu huenda kucheza bolingi?

Ni kweli! Tena huvaa suruali.

Kwa wasioujua, kuna njia ya mbao laini yenye urefu wa mita 18 hivi, na mwisho wake pini kumi zimesimama pembetatu. Unapewa tufe lenye matundu matatu ya vidole, unalivingirisha, linaangusha pini au linatumbukia mferejini. Kila zamu una marusho mawili, na zamu ni kumi. Ukiangusha zote kwa tufe la kwanza umepata straiki, na wenzako wanapiga kelele kuliko kwaya ya vijana. Alama za juu kabisa ni 300. Mimi nikivuka mia moja nasimulia wiki nzima. Kwetu Nairobi uwanja umo Village Market, na msidhani nitawageuzia pini kumi kuwa amri kumi. Mchezo ni mchezo, na Mungu hachukii vicheko vya wazee.

Kuna mvivu hapa amekwisha kufungua Timotheo wa Kwanza sura ya 4, anionyeshe Paulo aliyesema faida ya mazoezi ya mwili ni kidogo. Kidogo hicho ndicho ninachokidai, ndugu yangu, nipe! Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na Shirika la Afya Duniani linatutaka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wala sidanganyi: bolingi haizifikishi dakika hizo, kwa kuwa mtu huketi kuliko anavyorusha. Matembezi ya jioni ndiyo mshahara, bolingi ni marupurupu. Ila nani hufanya kazi kwa furaha mahali pasipo na marupurupu?

Nawaambia kwa nini naipenda. Nyumbani, kanisani, hata njiani, kila anayenisalimu huanza na sukari. Sukari yako ikoje, mama? Umekula? Umemeza? Mnanipenda, nashukuru. Lakini pale kwenye pini hakuna anayeniuliza hivyo. Wananiuliza kwa nini tufe langu huenda kushoto kila mara, na hilo ni swali ambalo nimekosa jibu lake hadi leo, nami nalifikiria kitandani badala ya kufikiria figo. Mwenye kisukari ana haki ya kuwa na jambo jingine maishani! Kama bolingi ni ghali kwako, na kweli si rahisi, basi chukua bao, netiboli ya akina mama, bustani, ngoma za harusi. Kitafute kitu kinachokutoa nyumbani na kukufanya usahau kwa saa mbili kwamba u mgonjwa.

Usisahau kabisa, lakini. Viatu vya pale ni vya kukodi na vimevaliwa na watu wengi: ingiza mkono kwanza, papasa ndani, uone kama kuna mshono au msumari, kisha ukirudi nyumbani kagua vidole. Soksi ziwe zako, safi na kavu. Tufe chukua jepesi. Mazito hufikia kilo 7, na hakuna zawadi ya kuumia bega. Mwenye jeraha la kisukari ndani ya jicho asibebe kizito kabla ya kumuuliza daktari. Pima kabla hujaanza; anayetumia insulini akiwa chini ya 5 ale kitu kwanza. Beba sukari mfukoni, na kabla ya kulala pima tena, maana mazoezi yanaweza kuishusha sukari usiku umelala. Njugu na yai la kuchemsha vinaingia mkobani bila shida, na vibanzi vya pale vimenitazama nami nimevitazama tukaachana kwa amani.

Kamati ya chai, mna wiki nzima ya kujitayarisha. Jumapili ijayo chai ichemshwe bila sukari, bakuli la sukari likae mezani kwa anayeitaka ajitilie mwenyewe mbele ya watu. Mandazi yawe nusu, nusu nyingine iwe nduma na njugu. Wanaotaka kupimwa wasubiri kwa muuguzi wetu baada ya ibada. Na wanaotaka kwenda kuangusha pini mwezi ujao waandikishe majina kwangu pale mlangoni. Mchungaji ameshajiandikisha wa kwanza, na anajigamba.